Gari Linapochemka Njiani: Maji Yamekwenda Wapi?

Asubuhi moja ya kiangazi, mwenye gari na dereva wake walifika pamoja kwenye dawati letu la polisi jamii, kila mmoja akiwa na hasira yake. Gari lenyewe, basi dogo la abiria kumi na wanne, lilikuwa limekufa injini usiku uliotangulia, kwenye mwinuko, likitoka Mbarara kuja Ngarama, na abiria wakateremka gizani na mizigo yao. Mwenye gari alidai kwamba dereva aliendelea kuliendesha hali mshale wa joto umeingia katika alama nyekundu, na akatutaka tumfungulie shauri la kuharibu mali kwa makusudi. Dereva alikana. "Afande," alisema, "mshale ulipanda kidogo, kisha ukashuka wenyewe, nami nikamshukuru Mungu."

Tukisema kweli, nasi tulidhani anatudanganya. Injini iliyoungua kwa joto na mshale ulioshuka ni mambo mawili yasiyoelekea kukaa pamoja. Hata hivyo, kabla ya kuandika lolote tuliomba gari likaguliwe na fundi asiyemjua yeyote kati yao. Alipomaliza kazi yake ilibainika kwamba dereva alikuwa amesema kweli tupu. Tutarudi kwao baadaye. Kwanza yafaa kueleza kinachotokea ndani ya injini, kwa sababu bila kukielewa hicho hata hukumu ya haki haipatikani.

Injini, iwe ya petroli au ya dizeli, huchoma mafuta, lakini nguvu yote ya moto huo haifiki kwenye magurudumu. Sehemu kubwa huondoka na moshi, na sehemu inayokaribia theluthi moja huchukuliwa na maji. Maji hayo husukumwa na pampu, hupita katika mifereji iliyomo ndani ya chuma cha injini, hutoka kwa mpira wa juu, huingia kwenye rejeta, hupozwa na upepo, kisha hurudi kwa mpira wa chini. Kati ya injini na rejeta kuna kilango kidogo kiitwacho thamostati, ambacho hubaki kimefungwa injini ikiwa baridi na hufunguka joto linapofika nyuzi 82 hivi. Nyuma ya rejeta kuna feni, ambayo kazi yake ni kuvuta upepo wakati gari linapokwenda polepole au limesimama.

Yote hayo madereva wengi wanayajua. Kinachosahauliwa ni kifuniko cha rejeta. Watu hukichukulia kama kizibo cha chupa, cha kuzuia maji yasimwagike, na kikipotea huweka badala yake kitambaa na karatasi ya nailoni, wakafunga kwa mpira wa baiskeli. Ukikigeuza kifuniko utakuta tarakimu, kama 0.9 au 1.1. Hiyo ni kanieneo ambayo kifuniko kimeundwa kuizuia. Maji yaliyofungiwa kwa kanieneo hiyo hayachemki upesi. Kiwango chake cha kuchemka hupanda kwa takribani nyuzi 20.

Kwa watu wa pwani, Mombasa au Dar es Salaam, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100, kifuniko kibovu ni hasara. Kwetu sisi ni hatari zaidi. Mji wa Mbarara uko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Isingiro havipungui sana hapo. Katika mwinuko huo maji yasiyofungiwa huchemka kwenye nyuzi 95 tu, nayo injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 au zaidi kidogo. Nafasi iliyobaki ni nyembamba mno. Gari lenye kifuniko kilichokufa mpira wake, likipakia watu, mikungu ya matoke na magunia, likapanda mlima kwa gia ya pili katika jua la Julai, litachemka hata kama rejeta ilijazwa pomoni asubuhi. Dereva ataongeza maji, naye ataamini kwamba tatizo ni maji.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linalotuhuzunisha kuliko yote. Kanieneo ile ile inayoyazuia maji yasichemke ndiyo inayowaunguza watu. Maji yaliyomo yanaweza kuwa na joto la nyuzi 110 bila kuchemka, kwa kuwa yamebanwa. Mtu akifungua kifuniko ghafla kizuizi huondoka, na sehemu ya maji hugeuka mvuke mara moja, yaliyobaki yakirushwa juu pamoja nao. Hayamwagiki, hulipuka, tena kwa usawa wa uso na kifua cha mtu aliyeinama. Na anayeungua kwa kawaida si dereva. Ni kondakta, aliyeambiwa "fungua tuongeze maji, abiria wanachelewa," au kijana wa kijijini aliyekuja na jerikeni lake kusaidia.

Kwa hiyo, ndugu dereva, mshale unapoanza kupanda kuliko kawaida yake, zima kipoza hewa kama gari linacho, na ufungue kipasha joto cha ndani hadi mwisho, kwani hicho nacho ni rejeta ndogo na huondoa joto kwenye injini. Abiria watalalamika, na walalamike. Tafuta mahali ambapo gari linaweza kutoka kabisa barabarani. Ukiona mvuke, zima injini, wateremshe abiria upande wa majani, wala si upande wa magari yanayopita, kisha usiguse kitu. Boneti ifunguliwe mvuke ukishatulia. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kabla ya dakika 30, na kwa gari lililochemka sana ni heri ungoje saa nzima. Namna ya kupima ni hii: shika mpira wa juu kwa kitambaa kinene na uubonyeze. Ukiwa mgumu kama gurudumu la baiskeli lililojazwa, kanieneo bado imo. Ukilegea, funika kifuniko kwa kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, geuza uso pembeni, kizungushe hadi kituo cha kwanza tu, usikilize. Kikitoa sauti ya kufyonza au ya nyoka, ngoja. Sauti ikiisha, ndipo ukibonyeze na kukitoa.

Tena maji baridi yasimwagwe kwa mkupuo katika injini iliyo moto. Chuma kikipozwa ghafla hupasuka au kupinda, na silinda hedi iliyopasuka ni gharama ambayo imewafanya watu kuuza ng'ombe. Ongeza kidogo kidogo, injini ikishapoa. Na ikiwa imebaki vuguvugu, iwashe iwe inanguruma polepole wakati unaongeza, ili maji mapya yachanganyike na ya zamani. Jambo jingine: magari mengi ya siku hizi yana feni ya umeme, ambayo huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini imezimwa. Vidole, kanga, kitenge na mitandio vikae mbali nayo.

Ikiwa mtu ameungua licha ya tahadhari hizo, mpoze kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Tunajua kwamba Nakivale jerikeni la maji lina foleni yake, lakini jerikeni moja likimiminwa polepole kwa kikombe laweza kuokoa ngozi ya mtu. Vua nguo iliyolowa, isipokuwa iliyogandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala yai. Funika kwa kitambaa safi, na umpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu; ikiwa ameungua uso au macho, mwambie mhudumu mapema, kwa kuwa huenda akahitaji kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mbarara.

Sasa turudi kwenye swali tuliloliweka juu ya makala haya. Maji ya rejeta huzunguka katika mfumo uliofungwa. Kwa gari zima hayapaswi kupungua kwa kiasi cha kuonekana kutoka juma moja hadi jingine. Dereva anayeongeza lita mbili kila asubuhi amepewa habari, lakini yeye huizoea, kama mtu anayezoea kikohozi. Maji yamekwenda mahali fulani, na mahali pa kwenda ni pachache.

Huenda yanavuja nje. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku, na asubuhi utazame doa liko upande gani. Angalia ncha za mipira mahali inapofungwa kwa vibanio, ungo wa rejeta, na hasa chini ya pampu ya maji, ambako kuna tundu dogo lililotengenezwa makusudi: likianza kutoa maji, pampu inakutangazia kwamba muda wake umekwisha. Uvujaji mwingine hutokea gari likiwa moto tu na maji hukauka kabla hujayaona, lakini huacha alama nyeupe au ya kutu. Huenda pia yanatoka kwa kifuniko kisichobana, yakapitiliza kwenye chupa ya akiba na kumwagika barabarani. Hayo yote ni matengenezo ya gharama ya kuvumilika, nayo kifuniko kipya ni cha bei ndogo kuliko yote. Kinunuliwe chenye tarakimu ile ile ya cha zamani. Chenye tarakimu kubwa zaidi kitapasua mipira iliyochoka.

Mahali pabaya zaidi ni ndani ya injini yenyewe. Kati ya silinda hedi na bloku pana gasketi, na ikiungua, maji huingia kwenye silinda au kwenye oili, na gesi ya moto huingia kwenye maji. Dalili zake mtu aweza kuziona bila kifaa chochote. Chomoa kijiti cha kupimia oili na utazame ndani ya kifuniko cha oili: rangi ya chai ya maziwa si rangi ya oili. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto ni maji yanayochomwa. Na injini ikiwashwa asubuhi, ingali baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, mapovu yanayopanda bila kukoma ni gesi. Hapo usisafiri. Kazi iliyobaki ni ya kufungua silinda hedi, kuipeleka mashineni isawazishwe, na kuifunga tena kwa gasketi mpya, boliti zikikazwa kwa mpangilio na kwa kipimo. Fundi anayekuahidi kuimaliza chini ya mti kabla ya magharibi, mshukuru na utafute mwingine.

Yapo pia magari yanayochemka bila kupoteza maji. Hayo huhitaji dereva mwenye kumbukumbu, kwa maana jibu hutegemea lini na wapi. Likichemka kwenye msongamano wa mjini Mbarara na kupoa likishika mwendo, shuku feni, mkanda wake, fyuzi yake au klachi yake, kwa sababu likikimbia upepo wa njia hufanya kazi ya feni. Likitulia mjini na kuchemka mlimani, rejeta huenda imeziba. Na kwetu huziba kwa nje mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: vumbi jekundu la barabara ya changarawe, mbegu za majani na wadudu hujaza nafasi za mapezi yake, kisha mvua ya kwanza hugeuza vyote kuwa tope, na jua hulioka kama tofali. Ioshwe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine za kuoshea magari zenye maji makali huyalaza mapezi, na rejeta hutoka pale ikiwa safi isiyopitisha upepo.

Likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, mpira wa juu ukawa moto na wa chini baridi, thamostati imegoma kufunguka. Hapa tunakutana na desturi ambayo hatukubaliani nayo, ingawa tunajua mafundi wetu wengi huitetea: kuitoa thamostati na kuitupa. Gari litatengemaa siku hiyo, ni kweli. Lakini injini itafanya kazi ikiwa baridi mno, itakula mafuta zaidi na kusagika upesi. Na katika baadhi ya injini thamostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, hivyo ikiondolewa sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemka kuliko mwanzo. Thamostati hujaribiwa jikoni. Itumbukize katika sufuria ya maji yanayokaribia kuchemka. Ikifunguka ni nzima; ikikataa, nunua nyingine.

Kuhusu maji yenyewe, ya ziwa na ya mabwawa yana tope na chumvi zinazoganda ndani ya rejeta. Ya mvua yaliyochujwa ni bora, na bora zaidi ni kulanti iliyochanganywa na maji safi, kwani huzuia kutu. Lakini kulanti nyingi zina sumu, tena sumu yenye utamu, na rangi yake ya kijani au nyekundu hufanana na soda. Tumeiona ikiuzwa na kuwekwa nyumbani katika chupa za soda. Tafadhali isifanyike hivyo. Mtoto hawezi kujua, na mbuzi au mbwa atakunywa iliyomwagika uani. Mtoto akiionja, asingojewe augue. Akimbizwe hospitalini siku hiyo hiyo, na chupa ichukuliwe.

Sasa tuwarudie wale wawili. Fundi alikuta mpira wa kifuniko umekatika, na chini ya pampu alama ya kutu ndefu iliyokauka, kuonyesha kwamba maji yalikuwa yakivuja kwa majuma mengi. Silinda hedi ilikuwa imepinda. Na mshale? Kifaa kinachoupelekea mshale habari hupima joto la maji yanayokigusa. Maji yalipokwisha kabisa, kifaa kilibaki hewani, na hewa haikipi joto kama maji. Mshale ukashuka wakati ule ule ambao chuma kilikuwa kinaungua. Dereva alimshukuru Mungu kwa dalili ambayo ilikuwa mbaya kuliko zote. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwaambia madereva: mshale ukishuka ghafla huku gari linapanda mlima, simama haraka kuliko ungesimama ukipanda.

Hapakuwa na makusudi, kwa hiyo hapakuwa na jinai. Palikuwa na uzembe, nao ulikuwa wa pande mbili. Dereva alikiri kwamba kila alfajiri alimaliza jerikeni dogo zima katika rejeta na hakumwambia tajiri wake isipokuwa mara moja. Mwenye gari, baada ya kukaa kimya kidogo, alikiri kwamba mara hiyo moja alimjibu, "Ongeza maji, twende kazi." Walipatana mbele ya mwenyekiti wa LC I na mjumbe wa baraza la ustawi wa wakimbizi: mwenye gari alipe vipuri na mashine, dereva alipe sehemu ya ufundi kidogo kidogo kutoka katika mapato ya siku. Sisi tuliona sehemu ya dereva ni nzito, lakini walipeana mikono, na mapatano ni yao.

Kitu kimoja waliongeza wenyewe, nacho tunakipendekeza kwa kila mwenye gari na dereva wake. Ni daftari la shilingi chache linalokaa ndani ya gari. Kila asubuhi dereva huandika tarehe, maji aliyoongeza na oili aliyoongeza, na kila Jumamosi mwenye gari hutia sahihi. Siku injini itakapokufa, hakuna atakayehitaji kuapa.

Limebaki jambo la barabarani. Gari lililoharibika liwekewe pembetatu za kuakisi mwanga, mbele na nyuma, mbali kiasi cha hatua hamsini au zaidi, na mbali zaidi kwenye kona na mteremko. Matawi ya miti husaidia mchana; usiku hayaonekani mpaka umeyakanyaga. Mawe yanayowekwa nyuma ya magurudumu ili gari lisirudi yaondolewe gari linapoondoka. Jiwe lililoachwa katikati ya njia halimdhuru aliyeliweka, humngoja mwendesha bodaboda ajaye saa nne usiku akiwa na abiria mgongoni. Ukilikuta, hata kama si lako, lisukume kando.

Ukikwama mahali pa hatari, piga 999 au 112. Taja kijiji au kilima, upande gari lilikokuwa likielekea, idadi ya abiria, na kama yuko aliyeungua.